Barua ya wazi: Historia yetu haikuanza na bomba la moshi

Lubumbashi

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia utalii na utamaduni katika jimbo letu la Haut-Katanga, Kongo

Kuhusu: namna tunavyowaeleza wageni nchi yetu

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwongoza wageni. Huu ni mwaka wa kumi na moja napokea watu kwenye uwanja wa ndege wa Luano, kwenye mpaka wa Kasumbalesa, tunapopakana na Zambia, na mara moja moja kwenye stesheni, siku treni inapoamua kufika. Sina ofisi. Nina simu, viatu viwili vizuri, na daftari.

Barua hii ni ya nne. Tatu za kwanza niliwaletea kwa mkono, ndani ya bahasha, na kila moja ninayo nakala yake yenye mhuri wa kupokelewa. Kuhusu ya kwanza niliambiwa inasomwa. Kuhusu ya pili niliambiwa aliyekuwa akiisoma amehamishwa. Siku ya kufuatilia ya tatu, kijana wa mapokezi, ambaye sina ugomvi naye, aliniambia: "Baba, uandike tena." Basi nimeandika tena, ila safari hii ninaiweka mahali ambapo kila mtu ataisoma.

Mwezi wa sita nilimwongoza mhandisi mmoja kutoka Chile. Nchi hiyo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuchimba shaba, na bwana yule baba yake alikuwa mchimbaji, babu yake vilevile. Ofisi yenu ilinipa mtu wa kufuatana nasi, pamoja na kijitabu cha kurasa nane cha kumkaribisha mgeni. Tukasimama mbele ya kile kilima cheusi cha mavi ya shaba, yaani takataka zinazobaki shaba ikishayeyushwa, bomba la moshi la kiwanda limesimama juu yetu, mgeni akauliza: "Na kabla ya kampuni kuja, wazee wenu hii shaba waliifanyia nini?" Mtu wenu akafungua kijitabu, akakuta mwaka 1906, akakifunga. Akajibu: "Hakuna kitu. Ilikuwa pori tu."

Mgeni hakusema neno. Alinitazama mimi. Nami, Waheshimiwa, nilitazama viatu vyangu, kwa sababu kumkosoa mtu wa serikali mbele ya mgeni ni kumvua nguo mwenye nyumba. Nilimweleza usiku, tukila bukari, ugali wetu, na samaki wa Bukama, na maelezo yale yalituchukua mpaka wenye mgahawa wakaanza kupandisha viti juu ya meza. Lakini si kila mgeni anabaki mpaka usiku. Wengi wanaondoka na lile jibu la mchana.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kijitabu chenu kinaanzia hadithi mwishoni.

Miaka yenu siipingi. Ni kweli Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliundwa 1906. Ni kweli mji huu ulianzishwa 1910 ukaitwa Elisabethville, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ya kiwanda ikamiminwa. Ila Wazungu hawakuigundua shaba hiyo kwa kupiga ramli. Walionyeshwa mashimo. Walikuta vilima vimechimbwa, vimechomwa, vimeachwa na kurudiwa, vizazi kwa vizazi. Watu wa nchi hii wameyeyusha shaba kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla kampuni yoyote haijapewa hati.

Na kazi ile haikuwa ya kubahatisha. Ilifanywa kiangazi, mtama ukishavunwa, maji yakiwa chini na mikono ikiwa huru. Jiwe la kijani, hili hili malakiti ambalo leo tunawauzia wageni likiwa limechongwa tembo na visahani vya sigara, lilichaguliwa kwa mkono. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu fundi alijua udongo wa mchwa unavumilia moto. Palikuwa na mkaa, palikuwa na mivukuto ya ngozi, palikuwa na miiko ambayo asiyeifuata alifukuzwa kazini. Shaba ikayeyuka, ikamiminwa katika kalibu, ikatoka msalaba.

Msalaba huo ndio uliochorwa kwenye jalada la kijitabu chenu. Chini yake hamkuandika hata neno moja. Mgeni mmoja kutoka Poland aliniuliza kwa adabu kama jimbo letu liko chini ya ulinzi wa Mtakatifu Andrea, ambaye msalaba wake nao una umbo la X. Nilicheka, kisha nikaona kwamba swali lake lilikuwa la haki kabisa. Tumeuchora msalaba ule kwenye bendera ya Katanga, jimbo letu la zamani, lilipojitenga 1960, ikawa mitatu, tumeuchora kwenye milango ya mahoteli na kwenye vitenge, na mtoto wa mtaa wa Katuba hapa mjini ukimuuliza ni nini atakwambia ni alama ya Katanga. Alama ya nini? Alikuwa na haki ya kuambiwa kwamba ni pesa. Kwamba kulikuwa na mikubwa na midogo, kwamba kadiri karne zilivyopita ile midogo ikawa mingi, ya ukubwa unaolingana, ya kuhesabika, ndiyo maana wataalamu wanaiona kuwa fedha kamili. Kwamba watu walizikwa nayo kifuani au mikononi.

Tunajua hayo kwa sababu ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako babu yangu mzaa mama alizaliwa, kule wavuvi wanakoishi juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Mwaka 1957 na 1958 wanaakiolojia walifukua pale makaburi ya kale, na wengine wakarudi miaka ya 1970. Walikuta makaburi zaidi ya mia: vyungu vya kupendeza hata leo, vikuku na minyororo ya shaba, shoka za heshima. Ya zamani zaidi kati ya makaburi ya bonde lile la Upemba yana zaidi ya miaka 1,000. (Niseme pia, kwa kuwa hata waongozaji wenzangu wanachanganya: Sanga ya Kisale ni jina la mahali. Basanga, wenyeji wa upande wa Likasi na Bunkeya, waliokuwa mafundi wakubwa wa shaba, ni habari nyingine.) Katika kurasa nane zenu, Sanga haimo. Bwawa la kuogelea la hoteli moja limo mara mbili.

Nina jambo moja zaidi, na hili huwa nawapa wageni wangu bure. Kwenye vilima vyetu vya shaba miti haioti, mnaona nyasi fupi tu, kama kichwa kilichonyolewa. Lakini kuna ua dogo la zambarau linalopenda udongo wenye shaba. Watafutaji madini walilifuata kupata shaba, na wanasayansi wakalifuata kwa sababu nyingine: lilikuwa likiota pia mahali ambapo hapana kilima chochote. Walipochimba chini yake wakakuta mabaki ya matanuru ya wazee. Udongo ulikuwa umelishwa shaba na mafundi, na ua likapajua. Yule mhandisi wa Chile aliposikia hilo aliweka kijiko chini. Ua limewakumbuka wahunzi wetu, kijitabu cha serikali kimewasahau.

2. Tunaosimulia hatufundishwi, na kila mmoja anajipikia chake.

Hapa najilaumu na mimi. Mwaka wa kwanza nilisema mambo ambayo leo nikiyakumbuka naona haya. Mwenzangu mmoja, mtu mwema, alikuwa akiwaambia wageni kwamba msalaba wa shaba tulifundishwa na wamisionari wa Kireno. Hebu tuhesabu: Mreno wa kwanza, Diogo Cão, alifika kwenye mdomo wa mto Kongo mwaka 1482, na kutoka pale mpaka Kisale ni safari ambayo yeye hakuifanya wala hakuiota. Misalaba ilikuwa tayari imekwisha kuzikwa na wenyewe. Mwenzangu hakuwa mwongo. Aliona msalaba, akafikiri kanisa, na hapakuwa na mtu wa kumsahihisha.

Na tungekuwa na mengi ya kusimulia! Baluba, kabila kubwa la huku kwetu, wana habari za Nkongolo, mfalme mwekundu wa upinde wa mvua, mlevi, mkatili, aliyekula mbele za watu; na za Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, ambaye alikula kwa siri kama inavyompasa mtu wa heshima; na za mwanawe Kalala Ilunga, aliyekuja na ufundi wa chuma na kuanzisha ufalme. Wageni wanaipenda habari hii kupita simba wote wa Afrika. Inawaeleza kwa nini mfalme wa Kiluba anahusishwa na mhunzi, kwa nini fuawe ni kitu cha kifalme. Kisha kuna lukasa, ubao wa kushikwa mkononi, uliopambwa kwa shanga na makombe, ambao watu wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye waliugusa kwa kidole na kuusoma: safari za wafalme, miji yao, miiko yao. Mtu anayesema mababu zetu hawakuwa na maktaba hajashika lukasa. Lakini mgeni akitaka kuiona, mara nyingi namwelekeza Ulaya au Marekani, na jambo hilo linaniuma kooni.

Kuna M'siri pia, aliyetoka nchi ya Wasumbwa, upande wa Tabora, akajenga dola yake Bunkeya juu ya biashara ya shaba na pembe, akauawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa watu wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Wageni kutoka Tanzania wakisikia kwamba Bayeke wetu, yaani watu wa M'siri, asili yao ni kwao, hukaa kimya kidogo, halafu wanaanza kuuliza ukoo kwa ukoo. Ni wageni rahisi kuliko wote. Lugha ni moja, ingawa Kiswahili chetu kinawachekesha.

Siombi kila mwongozaji awe profesa. Naomba tukae darasani wiki mbili na watu wa makumbusho na wazee.

3. Picha.

Hili nitalisema kwa kifupi, maana mnalijua. Mgeni anainua simu apige picha jengo la zamani. Anatokea mtu mwenye sare, au asiye na sare, anasema hairuhusiwi. Naonyesha karatasi iliyolipiwa. Anasema karatasi hiyo ni ya ofisi ile, hapa ni ofisi hii. Kila ofisi ina bei yake, na bei inabadilika kutokana na rangi ya mgeni na ukubwa wa kamera. Nimelipa karatasi tatu kwa picha moja ya ukuta. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni anakuja, mwenyeji anabaki na homa yake, na mgeni naye anaondoka ameambukizwa.

4. Mahali pa kale panamezwa, na sheria ipo.

Miaka mitano iliyopita nilikuwa nikipeleka wageni mahali ambapo vipande vya matanuru vilionekana kwa macho, juu ya ardhi, pamoja na vumbi la kijani na mavi ya shaba yaliyopoa kama uji. Sitataja mahali wala mwenye kibali cha kuchimba. Mwaka jana nilikuta tingatinga limepita. Mlinzi aliniambia: "Mawe tu hayo, mzee."

Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 ya kulinda mali za utamaduni ipo. Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, nayo inamtaka mwenye kibali akikuta mabaki ya kale asiyahamishe, na atoe taarifa kwa wakuu kwa maandishi bila kuchelewa. Niliwauliza katika barua ya pili: tangu mje ofisini mmepokea taarifa ngapi za namna hiyo? Kama ni nyingi, zichapisheni tufurahi. Kama hakuna hata moja, basi ama jimbo la shaba halina kitu cha kale chini ya ardhi yake, ama kuna watu wanaofumba macho.

Sasa, Waheshimiwa, majibu yenu nayajua. Mengine mlinipa wenyewe kwa mdomo, mkiwa mmesimama mlangoni.

Mtasema Sanga haiko kwenu: tangu 2015 Katanga imegawanywa majimbo manne, Kisale iko Haut-Lomami, Bunkeya iko Lualaba, nyinyi mnasimamia Haut-Katanga tu. Ni kweli kwenye ramani. Lakini mgeni anatua Luano. Makumbusho ya taifa, ambayo chimbuko lake ni 1946, iko hapa mjini. Na kijitabu chenu hakikuona mpaka wowote kilipoweka picha ya mgodi wa Kolwezi, ambayo nayo iko Lualaba. Kama mgodi wa jirani unaruhusiwa kuvuka mpaka, kaburi la jirani nalo lipite.

Mtasema hakuna fedha. Sikuomba jumba. Kinshasa ilijengewa makumbusho mapya, yaliyofunguliwa 2019, kwa msaada wa Korea Kusini, na nawapongeza. Mimi naomba mabango manne ya chuma na kijitabu kilichorekebishwa. Kijitabu mnakichapa kila mwaka kwa vyovyote. Wino wa ukweli hauzidi bei ya ule mwingine.

Mtasema utalii wa Kongo ni wanyama na misitu. Hata orodha ya UNESCO inaonekana kuwaunga mkono, kwa kuwa mahali petu patano palipo kwenye Urithi wa Dunia, yaani Virunga, Kahuzi-Biega, Garamba, Salonga na hifadhi ya Okapi, pote ni pa maumbile. Hakuna hata mahali pamoja palipoingia kwa sababu ya kazi ya mikono ya watu. Mimi hilo nalisoma kama deni. Maporomoko ya Lofoi yanastahili kurasa zake mbili, maji yanaanguka zaidi ya mita 300 na sijawahi kumpeleka mtu akajuta, pamoja na barabara ile. Lakini maji yale yangeanguka hata kama tusingezaliwa.

Na mtasema wageni wa huku wanakuja kwa biashara ya madini, mambo ya kale hawana habari nayo. Aliyeniuliza swali lile alikuwa mtu wa madini. Vukeni mto Luapula mwingie Zambia mwezi wa saba, mwone Mutomboko, sherehe ya mfalme Mwata Kazembe, kule Mwansabombwe: watu wanatoka mbali kumwona mfalme akicheza. Kazembe ni tawi la ufalme wa Balunda. Shina liko Musumba, huku kwetu Kongo. Na hapa hapa mjini, tangu 2008, wasanii wanaita dunia nzima kwenye Biennale yao, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, na Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, amepeleka picha za migodi yetu mpaka kwenye makumbusho makubwa ya ng'ambo. Wageni wale wanauliza maswali mazito. Wanatuuliza sisi, kwa kuwa kwenye kijitabu hawayakuti.

Ninachoomba ni hiki:

Kwanza, kijitabu kiandikwe upya kabla ya toleo lijalo, na ukurasa wa kwanza uwe wa mafundi wa shaba, sio wa kampuni. Maelezo yapitiwe na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na watu wa makumbusho. Mimi nipo tayari kufanya kazi hiyo nao bila malipo, hata kubeba viti.

Pili, mtoe karatasi moja ya picha, yenye bei moja na orodha ya mahali palipokatazwa, iwe na sahihi ya mkuu ambaye jina lake linaheshimiwa na kila mwenye sare. Ibandikwe Luano na Kasumbalesa.

Tatu, mafunzo ya waongozaji yaanze kiangazi kijacho, na mwishoni mtu apewe kitambulisho.

Nne, mchapishe taarifa za mabaki ya kale mlizopokea kutoka kwa wenye vibali vya madini. Kama hamna, mwandike hivyo: hamna.

Tano, na hili ni dogo, bango pale kwenye kilima cheusi. Maneno machache kwa Kiswahili na Kifaransa, yamjulishe mgeni kwamba anaangalia ukurasa wa mwisho wa kazi ya zamani sana. Nina rasimu tayari. Ina mistari sita.

Mhandisi wa Chile ameniandikia kwamba atarudi mwezi wa tano, safari hii na mke wake na binti yake ambaye anasoma historia. Anataka kufika Kisale. Ameniomba nimtumie maandishi yoyote rasmi ya jimbo kuhusu Sanga ili binti ayasome kabla ya safari. Bado sijamjibu. Ninasubiri kwanza jibu lenu, na namba yangu ya simu iko mwishoni mwa barua zote tatu mlizo nazo.

Pokeeni, Waheshimiwa, heshima zangu.

Mwongoza wageni
Komine ya Kenia, Lubumbashi

Nakala: kwa waongozaji wenzangu, kwa wafuaji wa shaba na wachonga malakiti wa mjini, kwa kijana wa mapokezi